Kumpangia Anayeanza Kompyuta Menyu na Programu Nyongeza: Mwongozo Kamili kwa Ofisi Ndogo na Steshenari za Mwanza

Karani wa kikundi cha wauza dagaa pale Mwaloni Kirumba anahitaji kompyuta kwa mambo machache: kuingiza mzigo ulioshuka leo, kujumlisha kilo na fedha, kuprinti orodha, na kumtumia mweka hazina hesabu ya jioni. Anafungua LibreOffice Calc, programu ya majedwali na hesabu, na kukutana na File, Edit, View, Insert, Format, Styles, Sheet, Data, Tools, Window na Help. Kila neno lina orodha chini yake, na ndani ya orodha kuna orodha nyingine. Chini yake zimepangwa ikoni ndogo zisizo na maelezo. Hapo ndipo wengi hufunga mashine na kurudi kwenye daftari la karatasi, na watu wakasema mama yule hawezi kompyuta. Anaweza sana. Hajapangiwa.

Mwongozo huu ni wa yule anayeandaa mashine kabla ya mgeni kuikalia: fundi, mwalimu wa kompyuta, msimamizi wa steshenari, au kijana wa nyumbani aliyeombwa na shangazi yake amsaidie. Nimetumia LibreOffice kwa sababu ni ya bure, haidai leseni ya kulipia, inakwenda kwenye mashine za zamani tulizonazo wengi, na inakuruhusu kubadili menyu zake karibu zote. Kwa intaneti nimetumia Firefox. Watu wa Word nao nimewawekea aya yao mbele.

Katika yote yatakayofuata kuna kanuni moja: panga kwa mfuatano wa kazi ya mtu, halafu usihamishe kitu. Muuza dagaa hunyoosha mkono kuchukua sado yake bila kuangalia, kwa sababu iko palepale kila siku. Anayeanza kompyuta naye hujifunza kwa mkono kabla hajajifunza kwa kichwa. Ukimhamishia kitufe leo, umemrudisha mwanzo.

Kwanza weka kalamu na karatasi, mashine baadaye

Usianze kwa kumwuliza mtu anataka menyu gani. Hajui, na si kosa lake. Kaa naye akiwa kazini, kwa daftari au kwa kompyuta, uandike anachofanya kwa maneno yake mwenyewe. Yule wa Kirumba atakuambia: nafungua daftari la leo, naandika jina na kilo, napiga jumla, naprinti, namtumia mweka hazina. Mhudumu wa steshenari ya Nyegezi, anayehudumia wanafunzi wa SAUT na watu wanaoomba ajira, ana orodha nyingine kabisa: kuandika barua, kuingiza picha ya cheti, kutoa PDF, kupunguza uzito wa PDF ili mfumo uikubali, kuprinti kurasa mbili tu kati ya arobaini.

Orodha hiyo igawe mara mbili. Ya kwanza ni kazi za kila siku, nayo ndiyo itakayokuwa menyu. Ya pili ni zile za mara moja kwa mwezi, kama kubadili ukubwa wa karatasi au kuunganisha printa nyingine. Hizi ziache zilipo, na zikihitajika atakuita. Shida ya menyu nyingi zinazoandaliwa na mafundi ni kwamba zimejaa vitu fundi anavyovipenda, na mtumiaji hajawahi kuviomba.

Ukiona orodha ya kila siku imezidi mambo kumi na tano, rudi ukaangalie tena. Mara nyingi kuna kazi mbili ambazo kwake ni moja. Kwa mfano, "kuprinti" kwake ni kitendo kimoja, ingawa programu ina Print, Print Preview na Printer Settings.

Mtenge na akaunti yake

LibreOffice huhifadhi mpangilio wa menyu kwa kila mtumiaji wa mashine peke yake. Kwa hiyo, kama kompyuta inatumiwa na watu watatu kwa akaunti moja, mpangilio wa mmoja unawapata wote, na atakayeuharibu atakuwa amewaharibia wote.

Kwenye Windows nenda Settings, kisha Accounts, ufungue akaunti mpya ya mtumiaji wa kawaida. Akaunti ya msimamizi ibaki na wewe au na mwenye ofisi. Faida ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza: mtumiaji wa kawaida akibofya kwa bahati mbaya programu iliyokuja kwenye flashi ya mteja, Windows itadai nywila ya msimamizi kabla programu hiyo haijagusa sehemu nyeti za mfumo. Kwenye steshenari, ambako flashi za kila aina huchomekwa kutwa, hilo linakuokoa na kufomati mashine kila mara.

Chagua sura moja ya programu, na iwe hiyohiyo

Fungua Writer, programu ya LibreOffice ya kuandikia barua na nyaraka, nenda View, kisha User Interface. Utaona sura kadhaa. Standard Toolbar ni ya menyu za maneno juu na pau mbili za ikoni chini yake. Tabbed inafanana na Word ya sasa. Single Toolbar ina upau mmoja tu.

Wengi huchagua Tabbed kwa hoja kwamba mtu akienda ofisi nyingine atakuta Word, na sura itakuwa ileile. Hoja hiyo ina uzito. Ila kwa anayeanza mimi nachagua Standard Toolbar au Single Toolbar, kwa sababu mbili. Menyu za sura hizi ni maneno, na maneno yanaweza kutajwa kwenye simu. Ukiwa Igoma na karani wako yuko Nansio, ni rahisi kumwambia "bonyeza Format" kuliko kumwelezea kialama chenye herufi na mstari. Pili, sura ya Tabbed hairekebishiki sana: unaweza kuficha na kuonyesha vilivyomo, lakini huwezi kujenga menyu yako kwa uhuru. Sisi tunataka kujenga.

Sura utakayoichagua iweke kwenye Writer na Calc zote mbili. Dirisha la User Interface lina kitufe cha Apply to All kwa kazi hiyo.

Kujenga menyu ya "Kazi Zetu"

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo twende taratibu. Tutaanza na Writer.

1. Nenda Tools, kisha Customize, ubofye kichupo cha Menus.

2. Juu kulia tafuta Scope. Hapo unachagua menyu mpya ikae wapi. Ukiacha LibreOffice Writer, menyu itaonekana kwenye kila waraka wa akaunti hiyo. Ukichagua jina la waraka uliofunguliwa, menyu itahifadhiwa ndani ya faili hilo na kusafiri nalo kwenye flashi. Njia ya pili inafaa sana kwa kiolezo cha ripoti kinachotumiwa kwenye mashine tofauti. Kwa mashine ya ofisi, chagua ya kwanza.

3. Chini yake kuna Target, inayoonyesha ni menyu gani unaihariri. Pembeni yake kuna kitufe kidogo. Kibofye uchague Add. Andika jina: Kazi Zetu. Kwenye dirisha hilohilo kuna mishale ya kupandisha na kushusha. Ipandishe menyu yako hadi iwe ya kwanza kabisa, kabla ya File. Jicho huanzia kushoto.

4. Sasa kushoto kuna orodha ya amri zote zilizopo, na juu yake sehemu ya kutafutia. Andika Save. Ichague, kisha bofya mshale unaoelekea kulia. Imeingia. Endelea hivyo na kila kazi ya kwenye karatasi yako, kwa mpangilio uleule ulioandika.

5. Bofya amri uliyoiingiza, kisha Modify, kisha Rename. Andika neno ambalo mtumiaji alikuambia. Kama alisema "sevu", andika Sevu. Kama alisema "printi", andika Printi.

6. Kati ya makundi weka mstari: Insert, kisha Insert Separator. Kundi la kufungua na kusevu liwe juu, kundi la kuandika katikati, kundi la kutoa kazi nje liwe mwisho.

Kwa mhudumu wetu wa Nyegezi menyu inaweza kusomeka hivi, juu kwenda chini: Karatasi mpya, Fungua, Sevu, mstari, Ingiza picha, Ingiza jedwali, Namba za kurasa, mstari, Angalia kabla ya kuprinti, Printi, Toa PDF. Inatosha.

Kwenye Toa PDF simama kidogo. LibreOffice ina amri mbili zinazofanana. Export Directly as PDF hutoa faili papo hapo bila kuuliza kitu. Export as PDF hufungua dirisha la kuchagua ubora. Watu wanaopakia vyeti kwenye mifumo ya maombi hukataliwa faili zao kwa uzito, na wanarudi steshenari wamechoka. Kwa hiyo ingiza hiyo ya pili. Ndani ya dirisha lake, sehemu ya picha, kuna Reduce image resolution, ambayo kwa kawaida huwa 300 DPI (nukta kwa inchi). Ishushe iwe 150 DPI, na ubora wa JPEG ushushe kidogo kutoka asilimia 90. Cheti kitasomeka vizuri na faili litapungua sana. Mfundishe mhudumu wako hatua hii kwa mkono, maana ndiyo mteja anayoilipia.

Ukimaliza Writer, rudia yote kwenye Calc. Menyu za programu hizi mbili hazifuatani, kila moja ina zake. Ila hakikisha kazi zinazofanana zina jina lilelile na mahali palepale. Kama Sevu ni ya tatu kwenye Writer, iwe ya tatu kwenye Calc.

Kuna swali linaloulizwa daima: kwa nini tusibadili programu nzima iwe ya Kiswahili? Kazi hiyo ina historia nzuri nchini kwetu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na juhudi za kutafsiri hazijaisha. Kwa anayeanza, hata hivyo, mimi naacha menyu za asili kwa Kiingereza na kuweka ya kwetu kwa Kiswahili. Siku atakapohamia ofisi nyingine mjini, au fundi mwingine atakapokaa kwenye mashine yake, majina ya asili yatakuwa yaleyale. Menyu yetu itakuwa imemfundisha kazi, na menyu ya asili itamngoja hadi awe tayari.

Pau za ikoni: punguza, kuza, funga

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya upau wowote wa zana, kisha Visible Buttons. Ondoa alama kwenye ikoni zisizo na kazi kwa mtu wako. Kuficha hapa hakufuti kitu, na unaweza kurudisha wakati wowote.

Kisha ziwekee maneno. Rudi Tools, Customize, safari hii kichupo cha Toolbars. Kwenye kile kitufe kidogo pembeni ya Target chagua Icons & Text. Upau utakuwa mrefu, ndiyo sababu tulipunguza kwanza. Ikoni ya kusevu ni picha ya disketi, na kijana wa miaka kumi na tisa wa Buswelu huenda hajawahi kushika disketi maishani mwake. Neno pembeni yake linamaliza ubishi.

Kama mtumiaji ni mtu mzima mwenye macho yaliyoanza kuchoka, kwenye Tools, Options, sehemu ya LibreOffice, tafuta ukubwa wa ikoni uweke Large au Extra Large. Ninyi vijana msiipuuze hatua hii. Nimeona akina mama waliodhaniwa hawaelewi kompyuta, kumbe hawaoni.

Mwisho, bofya tena kitufe cha kulia juu ya upau, uchague Lock Toolbar Position. Bila hivyo, siku moja kipanya kitavuta upau katikati ya ukurasa, na karani ataamini ameharibu mashine ya watu.

Menyu za asili ziache

Kuna kishawishi cha kufuta File, Edit na wenzake ili skrini ibaki safi. Usifanye. Maelekezo yote anayoweza kupewa na mtu mwingine, kuanzia video za mtandaoni hadi jirani wa ofisi, yanataja menyu hizo. Ukizifuta umemfunga kwako.

Microsoft walijaribu njia ya kujipunguza kwenye Office 2000. Menyu zilificha zenyewe amri ambazo hukuzitumia karibuni, na zilibadilika kadiri ulivyofanya kazi. Nia ilikuwa kumrahisishia mtu, lakini matokeo yake kitu ulichokiona jana leo hukioni. Kwenye Office 2007 wakaacha menyu za namna hiyo kwenye programu kuu, wakaleta utepe wa vitufe (Ribbon) tunaoujua sasa. Ndiyo maana nasisitiza: mpangilio wa mgeni uwe mfupi, lakini usihamehame.

Kwa wewe msaidizi kuna njia ya mkato ya kukumbuka. Kuanzia toleo la 7.2 la mwaka 2021, ukibonyeza Shift na Esc kwa pamoja LibreOffice hufungua kisanduku cha kutafuta amri kwa jina. Ukisahau kitu kiko wapi, andika jina lake hapo.

Tarehe na umeme: marekebisho mawili ambayo si menyu

Yamo humu kwa sababu yasipofanywa, menyu nzuri haitasaidia.

La kwanza ni tarehe. Mashine nyingi huja zimewekwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kabla ya siku. Karani akiandika 5/6/2025 akimaanisha Juni 5, Calc inaielewa kama Mei 6, kimya kimya. Akiandika 13/6/2025, Calc inaona hakuna mwezi wa 13, inaichukua kama maandishi tu na kuisukuma upande wa kushoto wa kisanduku. Mwisho wa mwezi, akipanga mizigo kwa tarehe, hesabu inachanganyikana na lawama zinamwangukia yeye. Nenda Tools, Options, tafuta sehemu ya lugha, na kwenye Locale setting chagua English (UK). Siku itakuja kwanza. Fanya hivi kabla hajaingiza mstari hata mmoja, kwa kuwa tarehe zilizokwisha kuingia vibaya hazijirekebishi.

La pili ni umeme. Tools, Options, Load/Save, General: kuna muda wa kuhifadhi taarifa za kuokoa kazi, kawaida kila dakika 10. Weka 3, ili umeme ukikatika asipoteze kazi nyingi.

Programu nyongeza: anza na sifuri

Programu nyongeza, au viendelezi, hutamanisha. Kila moja inaahidi kurahisisha kitu, na kila moja inaongeza kitufe, dirisha, au ujumbe unaojitokeza asubuhi. Kwa mtu anayeanza, weka sifuri, kisha ongeza moja tu pale kazi halisi inapoidai. Kabla ya kuongeza jiulize: inafanya kazi bila intaneti? Nani anaitunza, na iliguswa lini mara ya mwisho? Inaomba ruhusa gani? Ikifa kesho, kazi itasimama?

Kwenye LibreOffice viendelezi ni mafaili yanayoishia na .oxt, na husimamiwa kwenye Tools, kisha Extensions. Kwa ofisi nyingi za huku kimoja tu kina sababu ya kuwepo: kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Bila hiyo, barua nzima ya Kiswahili inapigiwa mistari myekundu, na mwandishi mpya anadhani kila neno lake ni kosa. Ukishaiweka, chagua maandishi, nenda Tools, Language, For All Text, uchague Swahili (Tanzania). Ofisi inayoandika Kiswahili muda wote iiweke moja kwa moja kuwa lugha ya nyaraka, palepale tuliporekebisha tarehe.

Kiendelezi kikileta shida, bofya Disable kabla ya kufikiria Remove. Kukizima hukuonyesha kama ndicho mkosaji, na hakupotezi chochote.

Kwenye kivinjari mambo ni mazito zaidi, kwa sababu ya nywila. Kwenye steshenari, watu huingia kwenye akaunti za mikopo ya HESLB, Ajira Portal, RITA, TRA na barua pepe zao, wote kwenye mashine moja. Kiendelezi kikiomba ruhusa ya kufikia data yako kwenye tovuti zote, maana yake kinaweza kusoma kila kinachoonekana na kuandikwa kwenye kurasa hizo. Huenda ni chema leo. Mwaka 2020 kiendelezi cha Chrome kiitwacho The Great Suspender, kilichokuwa kikipendwa na watu wengi kwa kupunguza mzigo wa kumbukumbu ya kompyuta, kilibadili mmiliki, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa kilikuwa na programu hatari. Waliokiweka siku kilipokuwa kizuri hawakubofya kitu kipya. Kilijisasisha chenyewe.

Kwa hiyo fungua Firefox, bonyeza Ctrl, Shift na A, ukague kilichopo. Ondoa kila kiendelezi ambacho hakuna mtu ofisini anayeweza kueleza kazi yake. Vile vya kuleta vocha, kubadili ukurasa wa mwanzo, au kutafuta kwa haraka, viondoe bila kuuliza. Kimoja ninachokiacha ni uBlock Origin. Kinazuia matangazo, kwa hiyo kinaokoa bando, na kinamwondolea mgeni vile vitufe vya uongo vya kupakua ambavyo hata wazoefu huvikanyaga. Nacho kinaomba ruhusa pana, sikufichi. Nakikubali kwa sababu msimbo wake uko wazi na kinachunguzwa na watu wengi. Kitoe kwenye ukurasa rasmi wa nyongeza za Firefox tu, maana majina ya kuigiza ni mengi.

Kisha panga kivinjari kama ulivyopanga Writer. Bofya kitufe cha kulia kwenye upau wa juu, uchague Customize Toolbar. Buruta kitufe cha Print kiwe juu, ondoa usivyohitaji. Bonyeza Ctrl, Shift na B kuonyesha upau wa alamisho (bookmarks), uweke hapo tovuti zinazotumika kila siku, kila moja kwa jina fupi la Kiswahili: Mikopo, Ajira, Vyeti vya kuzaliwa, Leseni ya biashara. Anwani zenyewe hakiki herufi kwa herufi siku ya kuziweka, maana tovuti za kuigiza hupata watu kupitia kutafuta. Mhudumu anayebofya alamisho iliyohakikiwa hatafuti, na asiyetafuta hanaswi kirahisi.

Kwenye mashine ya wateja wengi, ingia Settings, Privacy & Security, uzime kuhifadhi nywila, na uweke data za tovuti zifutwe kivinjari kinapofungwa.

Wanaotumia Word

Bofya kitufe cha kulia kwenye utepe, uchague Customize the Ribbon, kisha New Tab. Jina na mpangilio ni uleule: Kazi Zetu, kwa mfuatano wa kazi. Kwenye dirisha hilohilo kuna Import/Export, inayokutolea faili la mpangilio la kupeleka mashine nyingine. Programu nyongeza ziko File, Options, Add-ins. Kanuni ya sifuri inabaki.

Mjaribu kwa kunyamaza

Mpangilio ukikamilika, mwite mtumiaji. Mpe kazi halisi moja, kwa mfano: "Mama, andika mzigo wa leo wa watu watano, uprinti." Halafu kaa pembeni, na mikono yako iwe mapajani.

Tazama kipanya kinavyotembea. Kikisimama juu ya Kazi Zetu kisha kikaondoka kwenda File, basi jina uliloipa menyu halimwambii kitu. Kikishuka hadi mwisho wa orodha na kurudi juu, mpangilio haufuati mfuatano wake. Akikuuliza "nibonyeze hapa?", usijibu ndiyo wala hapana. Mwambie, "Wewe unaonaje, mama?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha cha kurekebisha. Wengi wetu hushindwa hapa kwa huruma: tunashika kipanya, tunamaliza kazi, na kesho yake anakwama palepale.

Rekebisha yote uliyoyaona siku hiyohiyo, umjaribu tena kesho yake. Baada ya hapo funga mpangilio. Ukipata wazo zuri mwezi ujao, liandike na kuliweka akiba, ulipeleke kwenye mashine ya mgeni mwingine.

Hifadhi mpangilio na kuuhamisha

Kazi hii hurudii kwenye kila mashine. Funga LibreOffice kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %APPDATA%, bonyeza Enter. Ingia folda ya LibreOffice, kisha 4, ndani yake kuna folda iitwayo user. Hiyo ndiyo profaili: menyu, pau, kamusi ulizoongeza, na mipangilio yote. Inakili kwenye flashi, uipe jina lenye tarehe.

Kwenye mashine nyingine yenye toleo lilelile la LibreOffice, ifungue programu mara moja na kuifunga ili itengeneze folda zake. Ile user iliyopo ibadilishe jina iwe user-ya-zamani, ubandike yako. Kwenye Linux njia ni .config/libreoffice/4/user ndani ya folda ya nyumbani. Nakala moja ibaki ofisini kwenye flashi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, isitumike kwa kitu kingine.

Kama matoleo yanatofautiana sana, usilazimishe. Jenga upya kwa kufuata karatasi yako.

Mpangilio ukivurugika

Karani akipiga simu kwamba "kila kitu kimepotea", mara nyingi amebonyeza Ctrl, Shift na J, na ukurasa umejaa skrini nzima. Abonyeze hivyohivyo tena. Akisema kuna alama za ajabu kati ya maneno, ni Ctrl na F10, nayo hurudishwa kwa kubonyezwa tena. Ubavuni kukiwa na orodha ya mitindo asiyoitaka, ni F11. Andika haya matatu kwenye karatasi na uibandike ukutani juu ya mashine, kwa maandishi makubwa.

Programu ikigoma kufunguka au ikijifunga yenyewe, nenda Help, kisha Restart in Safe Mode. Kama haifunguki kabisa, kwenye menyu ya Start ya Windows kuna LibreOffice (Safe Mode). Hapo unaweza kuzima viendelezi vyote kwa mkupuo mmoja bila kugusa menyu. Jaribu hilo kwanza. Likishindikana ndipo urejeshe ile folda ya user kutoka kwenye flashi.

Masasisho yafanye mwenyewe, jioni kazi ikiisha, kamwe si asubuhi ya siku ya mnada. Kabla ya kusasisha nakili profaili. Baada ya kusasisha fungua Writer na Calc, uhakikishe Kazi Zetu ipo mahali pake, Sevu bado ni ya tatu, tarehe bado inaanza na siku, na viendelezi ni vilevile ulivyoviacha. Ukikuta kipya ambacho hukukiweka, kizime kwanza, kisha mwulize aliyekuwa zamu.